Filamu inaitwa Le Plaisir, yaani raha, mbona kila mtu analia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma Kifaransa, niko mwaka wa pili, tumepewa filamu ya zamani ya Max Ophüls inaitwa Le Plaisir tuiandikie insha. Tumeambiwa ni hadithi tatu za Guy de Maupassant kuhusu wanawake na mapenzi, zimewekwa pamoja. Nimeiangalia mara mbili. Jina linasema raha lakini mimi naona watu wanalia tu, hadithi zenyewe hazihusiani, hakuna mhusika anayerudi, halafu ile ya katikati inakula muda mwingi kuliko zingine. Zinaunganishwa na nini? Na je nilitakiwa nisome hadithi kwanza ndo niangalie?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikutoe wasiwasi, hujakosa kuelewa. Hilo swali la mbona wanalia ndo swali lenyewe la hii filamu, liweke juu kabisa ya insha yako kabla mwenzako hajaliwahi.

Tuanze na jina maana hapo wengi wanateleza. Sisi tuna raha, tuna starehe, tuna anasa, na kila moja ina harufu yake. Anasa tayari ina hukumu ndani, starehe ina hela ndani, raha unaweza kuipata hata ukiwa umekaa kivulini na embe. Plaisir ya Kifaransa inazichukua zote tatu kwa pamoja, ni kile kitu unachokipata sasa hivi na kinaisha sasa hivi, dansi, kitanda, kinywaji, jua la asubuhi shambani. Ila Wafaransa wana neno lingine, bonheur, furaha ile inayokaa. Sasa sikiliza vizuri sentensi ya mwisho ya filamu, inasemwa ufukweni na rafiki wa mchoraji wa hadithi ya tatu: « le bonheur n'est pas gai ». Filamu imeanza na plaisir kwenye jina, inakuja kufungia kwenye bonheur, na huyo bonheur mwenyewe anaambiwa hana uchangamfu. Mwanafunzi akiliona hilo tu ana ukurasa mzima wa kuandika.

Kidogo kuhusu wenyewe. Maupassant alizaliwa 1850 kule Normandie, akafa 1893 hajafika hata miaka 43, kaswende imemla mpaka akili, na ameacha hadithi fupi kama 300, nyingi zilitoka kwanza magazetini, watu wanazisoma na kahawa asubuhi. Wengine mnamjua kwa ile hadithi ya mama aliyeazima mkufu akaupoteza. Ophüls naye ni Myahudi wa Saarbrücken, kazaliwa 1902, jina la kwao Oppenheimer, akakimbia Ujerumani 1933, akawa Mfaransa 1938, akakimbia tena mpaka Marekani, akatengeneza filamu Hollywood, vita vimeisha akarudi Ufaransa akatoa nne za mwisho, na Le Plaisir ya 1952 ni ya pili kati ya hizo. Kwa hiyo ni mtu aliyefungasha mabegi mara nyingi, na ukiangalia kamera yake utaona kama nayo haikai mahali. Mwigizaji James Mason aliyefanya naye kazi alimtungia hadi kishairi cha utani kwamba picha isiyohitaji reli za kusogezea kamera kwa Max ni mateso matupu.

Na hapo ndo jibu langu lilipo. Hizo hadithi tatu usizitafutie uhusiano kwenye visa. Fuata kamera. Jiulize kila mara imesimama wapi, imeingia wapi, na wapi imegoma kuingia.

Ya kwanza, Le Masque. Jumba la dansi Paris usiku, magari ya farasi yanashusha watu, kamera inaingia nao mbio, inapanda, inazunguka na wachezaji mpaka kichwa kinauma. Katikati anaruka jamaa mmoja kavaa kinyago cha sura ya kijana, uso laini kama wa mwanasesere, kioo cha jicho moja kimekaa palepale, anacheza kama kapandisha, mara puu, chini. Daktari anaitwa, anakikata kile kinyago, chini yake ni mzee, mikunjo na mvi. Daktari anampeleka nyumbani, na hapo nyumbani kuna mke, anaitwa Denise, kaigiza Gaby Morlay.

Sasa kuanzia hapo ule mwendo wote wa dansi unakatika. Mama anamvua mumewe nguo huku anaongea, kwa sauti ya mtu aliyeshazoea kumpokea mlevi. Mume alikuwa fundi nywele, mzuri wa sura, wanawake walimfuata na yeye aliwafuata, na alikuwa akirudi anamsimulia mkewe. Kwenye hadithi ya Maupassant kuna kipande usikiruke, siku mama anapoona unywele mweupe wa kwanza kichwani kwa mumewe. Anashtuka, halafu anapata furaha, na mwenyewe anaiita furaha mbaya, lakini kubwa mno, kwamba sasa basi, imekwisha, hakuna atakayemtaka tena, atakuwa wangu. Haikuisha. Mzee akanunua kinyago. Unaona basi nani kapata plaisir na nani kalipa. Dakika kama kumi za dansi ni za mume, halafu mke anakaa kwenye chumba kidogo anakusomea bili.

Ya pili ndo moyo wa filamu na wala usilalamike kwamba ni ndefu, mimi ningeongeza. La Maison Tellier, ya mwaka 1881. Maupassant anaifungua kwa sentensi moja ambayo nikiwa darasani huwa naisoma mara tatu, anasema watu walikwenda pale kila usiku mnamo saa tano kama mtu anavyokwenda mgahawani tu. Hataji danguro. Madame, mwenye hiyo nyumba, anaelezwa kwamba ametoka familia nzuri ya wakulima, na kaichukua hii kazi vilevile ambavyo angekuwa mshona kofia au muuza vitambaa. Hakuna kunyooshea kidole, hakuna kuomba huruma. Ukitafsiri jina la hadithi kuwa Danguro la Tellier umeshaua utani wote, iache Nyumba ya Tellier, msomaji atajua mwenyewe.

Usiku mmoja wa Jumamosi wateja wanafika, meya wa zamani wa mji, mwenye meli, mtoto wa mwenye benki, wazee wa heshima kabisa, wanakuta taa imezimwa na mlango umefungwa. Wanazunguka mjini kama kuku waliokosa banda, wanakaa kwenye mabenchi wanaangalia bahari, hawana cha kuongea. Kwenye hadithi wawili wanagombana kweli kweli kwa sababu ya uyoga kama unalika au haulikiki. Uyoga! Hivyo ndivyo Maupassant anavyokuambia zile nyumba zilikuwa zinashikilia nini kwenye mji, bila kuhutubia. Mwisho wanakuja kuona karatasi mlangoni, imefungwa kwa ajili ya komunyo ya kwanza.

Sasa hapa kuna utani ambao mwanafunzi wa Kifaransa lazima aupate. Madanguro Ufaransa wakati ule yalikuwa halali, yanasimamiwa na serikali, na sharti mojawapo ni madirisha na luva zibaki zimefungwa, ndo maana yakaitwa maisons closes, nyumba zilizofungwa. Kwa hiyo unaona, ni nyumba iliyofungwa ambayo imefungwa. Na sheria ya kuyafuta kabisa ilipita Aprili 1946, yaani filamu inatoka 1952 nyumba hizi zina miaka sita tu tangu zizikwe, watazamaji wazee ndani ya ukumbi walikuwa wanazikumbuka vizuri sana, nadhani baadhi walikaa kimya pembeni ya wake zao.

Na Ophüls anafanyaje? Haingii. Angalia tena ule mwanzo wa sehemu ya pili, kamera inapanda kwa nje, inapita dirisha hadi dirisha, inachungulia kwenye mbao za luva, unaona kichwa, bega, mtu kabeba chupa, Madame anashuka anapanda, inashuka, inazunguka kona, inapanda tena. Haivuki kizingiti. Wengine wanasema ni kukwepa wakaguzi wa filamu, mimi naona ni adabu tu, kama mgeni anayepiga hodi asikaribishwe. Tena ukifikiria, sisi watazamaji tumewekwa nje pamoja na wale wazee wa uyoga.

Halafu safari. Madame ana kaka yake kijijini, Joseph Rivet, fundi seremala, ni Jean Gabin huyo, na binti yake anapata komunyo ya kwanza. Madame hana mtoto, kaka ana hesabu zake kuhusu urithi, kwa hiyo shangazi anakaribishwa vizuri sana. Ila Madame hawezi kuwaacha wasichana peke yao, watagombana, basi anafunga nyumba anawachukua wote. Ndani ya behewa wamevaa rangi zote za dunia, anaingia mzee wa shamba na mkewe na kikapu cha bata, halafu anaingia mchuuzi anauza mikanda ya kubania soksi na anaomba awapimishe mwenyewe. Kwenye hadithi yule mama wa shamba akishashuka anamwambia mumewe hao ni malaya wanaenda kwenye hiyo Paris iliyolaaniwa. Kijijini sasa ni kinyume, watu wanatoka milangoni kuwashangaa mabibi wa mjini, yaani kama umeshawahi kuona kipaimara kijijini halafu gari la ndugu wa Dar likafika na madera yake na manukato yake, ni vilevile, hakuna anayeuliza mnafanya kazi gani.

Kipande ninachotaka ukiangalie kwa karibu ni usiku. Wanawake hawapati usingizi. Wamezoea kelele, milango, ngazi, muziki wa chini, na pale kijijini ni kimya, kimya kabisa hadi kinawaogopesha. Rosa, ndiye Danielle Darrieux, anasikia mtoto analia, binti wa komunyo amezoea kulala na mama yake. Rosa anamchukua kitandani kwake, anamkumbatia, na Maupassant anaandika bila kupepesa kwamba mpaka kunapambazuka yule mtoto wa komunyo alilaza paji la uso kifuani kwa kahaba. Hakuongeza neno. Mtu mwingine angeongeza mahubiri hapo.

Asubuhi kanisani Rosa anamkumbuka mama yake, anakumbuka kanisa la kijijini kwao na siku yake mwenyewe ya komunyo, anaanza kulia taratibu kwenye leso. Jirani yake naye. Madame naye. Halafu kilio kinasambaa benchi hadi benchi, wakulima wenye mikono kama magogo wanalia, kanisa zima, na kamera inapanda kwenye malaika wadogo wa ukutani, inashuka na mwanga wa dirishani, inapita juu ya vichwa, hapa iko ndani, imeruhusiwa. Padri anaamini ni muujiza, na kwa unyenyekevu wote anawashukuru hasa wale dada waliotoka mbali, imani yao imewasha moto. Niliwahi kuionyesha kwa wanafunzi kwenye ukumbi mmoja wa kuazima, walikuwa wanacheka kuanzia kwenye bata, walicheka padri alipoanza kuongea, halafu katikati ya kicheko mmoja akanyamaza, na mwingine, na umeme ukakatika dakika hiyohiyo, tukakaa gizani hakuna aliyewasha simu. Sijawahi kupata tena onyesho zuri kama lile.

Ukiniuliza mapenzi yako wapi kwenye hii sehemu, nitakuambia yako kwenye gari la farasi la kwenda stesheni. Rivet amelewa kwenye karamu ya komunyo kajaribu kumwingilia Rosa chumbani, aibu tupu, siku hiyohiyo anawarudisha, njiani wanashuka kuchuma maua, na pale kwenye kuagana anamwangalia Rosa kama kijana wa miaka kumi na nane, anaahidi atakuja mjini kumwona. Treni inaondoka, yeye anabaki na gari tupu. Gabin hasemi kitu cha maana hata kimoja. Halafu usiku uleule nyumba inafunguliwa, taa inawaka, wazee wa uyoga wanarudi wanacheza kama watoto, Madame anashusha bei ya shampeni, kwa maelezo kwamba sikukuu haiji kila siku. Na kamera? Nje. Dirishani. Wasichana waliolia kanisani sasa wanacheka ndani na sisi tumerudishwa nje kwenye luva, na luva zinafungwa. Hawajaokoka, hawajaadhibiwa. Wameenda kazini.

Ya tatu, Le Modèle, ni fupi na ni chungu, nitaipitia haraka. Mchoraji na modo wake, Daniel Gélin na Simone Simon, wanapendana wiki chache, halafu wanavunja vyombo, anamkimbia, anajificha kwa rafiki yake. Binti anamfuata, anasema ukimwoa mwingine najiua, na jamaa anamjibu kwa dharau kwamba haya, dirisha lile pale. Hapo ndipo kamera inapofanya kitu ambacho haijafanya filamu nzima. Inakuwa yeye. Inapanda ngazi kwa macho yake, unaona kivuli chake ukutani, inafika dirishani, na inaanguka. Hakuna kukata picha kumwonyesha mchoraji anashangaa, hakuna kuangalia kutoka nje, wewe mtazamaji ndo unaruka. Filamu iliyokaa nje ya danguro kwa heshima zote, hapa imeingia ndani ya mwanamke mmoja kabisa, kwa sekunde chache, kwenye maumivu yake. Anavunjika miguu, mchoraji anamwoa, na tunamaliza ufukweni anasukuma kiti cha magurudumu, hawaongei. Rafiki anamwambia mwenzake kwamba huyu kapata vyote, mapenzi, jina na mali, si ndo furaha hiyo. Halafu ndo ile sentensi.

Ophüls hata hakutaka kumalizia na hii. Alipanga La Femme de Paul, hadithi ya kijana ambaye mpenzi wake anamwacha kwa ajili ya mwanamke mwenzie na yeye anajitosa mto Seine, lakini mambo ya pesa yakamkwamisha, akachukua hii ndogo. Mimi naona bahati ilikuwa upande wake, maana La Femme de Paul ingetuacha tunamlilia kijana, na filamu iliyoanza na Denise isingekaa sawa.

Kwenye insha sasa, usiandike kwamba hadithi tatu zinaonyesha raha na mapenzi, raha na usafi, raha na kifo. Ndivyo zinavyopangwa kila mahali, mwalimu wako ameshaisoma mara mia. Chagua picha tatu, mke anamvua mzee nguo, luva za nyumba ya Tellier, na ngazi, eleza kamera iko wapi kila mara na inamtendea nini mwanamke, basi, una insha. Ukiona aibu kuandika kwamba ulicheka kanisani, iandike tu, hiyo ni hoja.

Kuhusu kusoma kwanza, kwa Tellier ndiyo, soma kwanza, unaipata bure mtandaoni maana haki zake zimeshaisha zamani, ni jioni mbili tu, passé simple, ule wakati uliopita wa vitabuni, itakusumbua kurasa mbili tatu halafu unazoea. Le Masque soma baada, ili ule unywele mweupe ukukute hujajiandaa. Le Modèle wala usisome mpaka umeshakabidhi insha, kwenye hadithi anarukia dirisha la hapohapo chumbani na ngazi hazipo, na ukiisoma mapema utaanza kumsahihisha Ophüls badala ya kuanguka naye.

La mwisho, kagua kopi yako. Filamu inaanza na giza tupu, skrini nyeusi, Maupassant anaongea, anasema anapenda usiku na kwamba huenda amekaa pembeni yako hapohapo. Kwenye kopi ya Kifaransa sauti hiyo ni ya Jean Servais, na Jean Servais huyohuyo ndiye yule rafiki wa sehemu ya tatu anayesimama ufukweni na kutamka ile sentensi ya mwisho. Yaani ile sauti isiyo na mwili inapata mwili, ulisema hakuna mhusika anayerudi, yupo mmoja. Ila kuna toleo la Kiingereza ambalo sauti ni ya Peter Ustinov, ukiwa na hilo hutaligundua milele. Kama dakika ya kwanza unasikia Kiingereza, tafuta kopi nyingine yenye maandishi chini, kisha irudie mara ya tatu.